Bua la Mahindi ni la Nani?



Mahindi yakishavunwa, shambani hubaki kitu ambacho takwimu za mavuno hazikitaji: mabua. Magunia huhesabiwa, ushuru hutozwa, bei hujadiliwa vijiweni na bungeni, lakini mabua hayana msemaji. Wanaoyagombea hata hivyo ni wengi. Ng'ombe wa mwenye shamba anayataka, maana kiangazi kimeingia na nyasi zimekauka. Ng'ombe wa jirani naye anayataka, na kwa desturi ya vijiji vingi shamba likishavunwa huwa ni la wote. Mama wa nyumba anatafuta cha kuwashia moto. Mwingine anayakusanya na kuyachoma ili shamba lionekane safi kabla ya jembe. Na udongo nao unayadai, kwa sababu ndani yake ndimo ulimomaliza nguvu zake msimu mzima.

Leo nataka tulizungumze swali hilo, bua ni la nani, kwa kuwa limebeba swali linalomkosesha usingizi kila mwenye ekari mbili tatu katika Afrika hii: nitavunaje zaidi kwenye ekari hizi hizi, mwaka hadi mwaka, bila kuzimaliza? Maoni yangu nayatoa mapema ili unisikilize ukijua ninakoelekea. Shamba na zizi ni kazi moja. Na anayeifanya kazi hiyo lazima aone malipo yake ndani ya kazi yenyewe, la sivyo ataiacha, hata akiwa na ujuzi wote wa dunia.

Nasema hivyo kwa sababu ya Ukara.

Wengi wetu jina la kisiwa hicho tulilisikia kwa uchungu Septemba 2018, kivuko cha MV Nyerere kilipopinduka kikiwa karibu kufika na watu zaidi ya 200 wakapoteza maisha. Mungu awarehemu. Lakini kwa watu wanaofuatilia habari za kilimo, Ukara imekuwa na jina tangu miaka ya 1930. Ni kisiwa kidogo ndani ya Ziwa Victoria, kaskazini ya Ukerewe. Kina mawe mengi, udongo wa kichanga, na watu waliosongamana. Mahali pa namna hiyo ungetegemea kukuta ardhi iliyochoka. Maofisa wa kilimo wa enzi za Waingereza walikuta mashamba yanayolimwa kila mwaka bila kupumzishwa, na bado yanazaa.

Wakara walifanyaje? Ng'ombe wao hawakuachwa wazurure. Walifungwa ndani, kwenye shimo lililochimbwa humo humo nyumbani, wakaletewa majani. Kinyesi, mkojo na mabaki ya malisho vikakanyagwa shimoni mpaka vikawa kitu kimoja. Shimo likijaa, samadi ikatolewa na kubebwa hadi shambani. Uwele ulipandwa, na ungali shambani katikati yake ikapandwa marejea, mmea wa jamii ya kunde unaofukiwa ukiwa mbichi ili uozee udongoni. Njugu mawe nazo zilikuwa na zamu yake. Kwenye unyevunyevu walilima majani ya mifugo kwa uangalifu ule ule waliolimia chakula cha watu. Hata miti ilikuwa na wenyewe, mmoja mmoja, kwa kuwa jani la mti nalo ni lishe. Hakuna mradi uliokuja kuwafundisha hayo. Miaka mingi baadaye, katika miaka ya 1980, Wabenediktini wa Peramiho walipokuwa wakihimiza marejea kule Ruvuma, Wakara walikuwa wameshaifukia ardhini vizazi kadhaa.

Habari hii husimuliwa mara nyingi kwa sifa, ikaishia hapo. Sehemu ya pili huachwa. Wakara walipohamia Ukerewe au bara, kwenye ardhi tele, waliacha yote. Hawakuchimba shimo la ng'ombe, hawakubeba samadi. Walifyeka, wakapanda, ardhi ikichoka wakasogea mbele. Watafiti wa miaka ya 1960, akiwemo Mjerumani H. D. Ludwig aliyekichunguza kisiwa kile kwa kina, waliona wazi kwamba Ukara ilitunza udongo wake kwa jasho jingi lenye malipo kiduchu. Aliyehama hakusahau kitu. Alipiga hesabu, akaona kwamba debe la nafaka analolipata bara kwa kazi ya siku chache, kwao lingemgharimu kukata majani, kuchota maji, kuzoa samadi na kuibeba mwaka mzima.

Naomba kila anayeandika mradi wa kilimo kwa ajili ya wakulima wadogo aisome Ukara yote, na hasa hicho kipande cha pili. Tumezoea kudhani kwamba mkulima hafanyi jambo jema kwa sababu halijui. Mkara alilijua kuliko mtu yeyote.

Pori la kuhamia leo limekwisha. Kuanzia Vihiga na Kisii, Kilimanjaro na Lushoto, hadi Kigezi na karibu Rwanda yote, mtoto anarithi kipande cha kipande. Kwa hiyo ulazima uliowabana Wakara umetufikia sisi wengine. Tofauti ni kwamba sisi tunao uwezo wa kuifanya kazi ile ilipe, kama tukitaka. Na ndipo ninaporudi kwenye zizi, kwa tarakimu, maana habari ya samadi imejaa maneno matamu na hesabu chache.

Tani moja ya mahindi, yaani magunia 10 ya kilo 100, huondoka shambani na takriban kilo 15 za naitrojeni ndani ya punje. Mfuko wa yurea wa kilo 50 una kilo 23. Sasa mchukue ng'ombe wa kienyeji wa kilo 250 hivi. Kinyesi chake cha mwaka, kikikauka, ni kama tani moja, na kikitunzwa vizuri naitrojeni iliyomo ni kilo 10 hadi 15. Ng'ombe mzima, mwaka mzima, ni kama nusu mfuko wa yurea! Na hapo nimechukulia kwamba kinyesi chote kimepatikana, wakati ng'ombe anayeshinda machungani huacha sehemu kubwa huko huko njiani. Anayewaambia wakulima kwamba samadi peke yake inatosha, hawatendei haki.

Lakini mwenye kutegemea mfuko peke yake naye asikilize habari ya Murehwa, Zimbabwe. Watafiti walipima mashamba ya kichanga yaliyo mbali na nyumba, yale ambayo kwa miaka hayakuonja samadi. Walipotia naitrojeni na fosforasi za kiwandani, mahindi yaliitika kidogo mno. Udongo ulikuwa umekwisha mboji, hauna cha kuishika ile mbolea wala virutubisho vingine vinavyotakiwa kuandamana nayo. Ilibidi samadi itiwe misimu kadhaa mfululizo ndipo hali ianze kubadilika, tena polepole. Mashamba ya kando ya nyumba, yaliyozoea kupokea majivu, taka na kinyesi, yaliitika tangu mwanzo. Maana yake ni kwamba mkulima anaweza kukopa, akanunua mbolea ya DAP, akaitia kwa vipimo sahihi, mvua ikanyesha, na bado fedha yake ikapotea, kwa sababu hakuna aliyemwambia kwamba shamba lile lilihitaji zizi kwanza.

Viongozi wetu wamezungumza sana habari ya mfuko. Mwaka 2006 walikutana Abuja wakaahidi kwamba ifikapo 2015 matumizi ya mbolea Afrika yatapanda kutoka wastani wa kilo 8 za virutubisho kwa hekta hadi kilo 50. Mwaka 2015 ulifika, lengo likabaki mbali. Mwaka 2022 bei zilipopaa na mfuko ukapita shilingi laki moja, serikali ya Tanzania ilileta ruzuku. Ilikuwa hatua ya lazima na ninaiunga mkono. Mei 2024 viongozi wa Afrika wakakutana tena, Nairobi, na safari hii afya ya udongo ikawekwa mezani pamoja na mbolea. Hiyo ni hatua. Bado lakini, ukienda kwa mtu yeyote anayehusika na bajeti ukamuuliza ni fedha kiasi gani zimetengwa ili samadi ya nchi yenye ng'ombe zaidi ya milioni 30 isipotee, sidhani kama atakuonyesha fungu lake.

Nayo inapotea kila siku. Karibu nusu ya naitrojeni anayoitoa ng'ombe iko kwenye mkojo, na mkojo ukimwagika kwenye tope la zizi huruka hewani au huzama ardhini. Ile harufu kali inayokuchoma pua ukiingia zizini asubuhi ni naitrojeni inayoondoka. Lundo lililoachwa wazi kwa jua na mvua miezi sita hubaki na umbo la samadi huku nguvu nyingi zimeshatoka. Dawa yake haina ugumu: sakafu iliyoshindiliwa yenye mwinamo, paa hata la nyasi, lundo lililofunikwa kwa turubai kuukuu au majani ya migomba, na matandiko makavu ya kunyonya mkojo.

Matandiko gani? Mabua! Hapa ndipo swali letu linapopata sehemu ya jibu lake. Ng'ombe akipewa bua zima, hula majani na ncha laini, akaacha shina gumu. Wengi huona ule ni uharibifu, wakamnyima chakula kingine mpaka amalize. Mwache aliache. Shina hilo likisukumwa chini ya kwato zake litanyonya mkojo, litapondwapondwa, na baada ya miezi michache litarudi shambani likiwa na naitrojeni ambayo halikuwa nayo lilipotoka. Kwa njia hiyo ng'ombe amekula, na udongo nao umekula. Potasiamu ya mahindi, ambayo nyingi hukaa kwenye bua na si kwenye punje, nayo imerudi kwao.

Ila hili linahitaji ng'ombe awe na chakula kingine. Mfugo mwenye njaa ya Septemba hataacha shina. Atatafuna hata kamba aliyofungiwa. Kwa hiyo anayetaka kuokoa bua lazima kwanza alime malisho, na mwenye ekari mbili ayalime wapi?

Tuvuke ziwa, upande wa Kenya, hadi Mbita katika kaunti ya Homa Bay, kwenye kituo cha taasisi ya utafiti wa wadudu, icipe. Katika miaka ya 1990 Zeyaur Khan na wenzake, wakishirikiana na watafiti wa Kenya na wa kituo cha Rothamsted cha Uingereza, walikuwa wanatafuta namna ya kuwakomesha funza wanaotoboa shina la mahindi. Walichokipata tunakiita vuta-sukuma. Katikati ya mistari ya mahindi hupandwa desmodiamu, mmea wa jamii ya kunde unaotambaa, ambao harufu yake huwafukuza nondo wanaozaa funza hao. Pembezoni mwa shamba hupandwa majani ya tembo, ambayo huwavuta. Nondo hutaga huko, na viwavi wakijaribu kutoboa shina hutokewa na utomvu unaowanasa, wengi wakafa humo.

Kisha likaonekana jambo ambalo halikutafutwa: kwenye mashamba yenye desmodiamu, kiduha kilipungua mpaka karibu kutoweka. Wakulima wa Kanda ya Ziwa hawahitaji kuelezwa kiduha ni nini. Wajaluo hukiita kayongo. Ua lake ni zuri, na mizizi yake hunyonya mahindi na mtama kingali chini ya udongo, hata kabla hujakiona. Mche mmoja hutoa mbegu kwa makumi ya maelfu, na mbegu hizo zinaweza kulala ardhini zaidi ya miaka 10 zikisubiri mwenyeji. Mizizi ya desmodiamu huziamsha, halafu huzizuia zisijishikize kwenye mzizi wa mahindi. Zinaota, zinakosa pa kunyonya, zinakufa. Kwa maneno mengine, shamba linapaliliwa chini kwa chini. Na viwavijeshi vamizi walipoingia Afrika mwaka 2016, watafiti hao walikuta mashamba ya vuta-sukuma Afrika Mashariki yameshambuliwa kidogo sana kuliko ya jirani yenye mahindi peke yake.

Yote hayo yamesifiwa, na kwa haki. Mimi hata hivyo kinachonigusa zaidi ni kwamba mimea yote miwili ni chakula cha ng'ombe. Desmodiamu ina protini nyingi, na huongeza naitrojeni kwenye udongo inapoota. Majani ya tembo, au brakiaria kwa maeneo makavu zaidi, yanaota mpakani. Malisho yamepata nafasi bila kulinyang'anya shamba sehemu kubwa ya mahindi. Ng'ombe akishapata mzigo huo wa kijani, mabua yanaweza kugawanywa kwa utulivu: mengine ya kula, mengine ya kulalia, mengine yabaki shambani yafunike udongo kabla ya mvua za kwanza.

Kuna ugumu, na sitaki kuuficha. Msimu wa kwanza desmodiamu huota taratibu, inataka palizi ya mikono ya uangalifu, na kibarua asiyeifahamu ataing'oa akidhani ni gugu. Mbegu yake ni adimu na bei yake si ya mnyonge. Na kiangazi, mbuzi wa kijiji wakiachiwa, mpaka wako wa kijani ndio watakaouona wa kwanza. Mkulima mmoja hawezi kushindana na desturi ya kijiji kizima. Hapo inahitajika serikali ya kijiji ikae, ijadili, na iweke sheria ndogo inayosema shamba lenye malisho ya kudumu halifunguliwi kwa mifugo ya watu wengine. Ni kikao kigumu, kwa sababu asiye na ardhi anayetegemea mabua ya wenzake kulishia mbuzi wake wawili naye ana haki ya kuishi. Asikilizwe, apangiwe sehemu yake, hata kwa kubadilishana: mabua kwa samadi, kama wafugaji na wakulima walivyofanya kwa miaka mingi kabla ugomvi haujawazidi.

Kazi hii yote inafanywa na nani? Mara nyingi ni mama na watoto. Majani huyakata yeye, maji huyabeba yeye, samadi huizoa yeye na kuipeleka shambani kichwani. Tukiongeza mavuno ya ekari kwa kuongeza mzigo wa mgongo wake, tumeirudia Ukara ile ile, na binti yake atakimbilia mjini kama Mkara alivyovuka kwenda bara. Toroli na mkokoteni wa punda, kwa jambo hili, ni zana za kilimo sawasawa na trekta. Mashine ndogo ya kukatakata majani inayomilikiwa na kikundi ni zana ya kilimo. Na fedha ya maziwa iingie mkononi mwa aliyeamka saa kumi na moja.

Maziwa ndiyo yaliyokosekana Ukara. Ng'ombe wao alikuwa mdogo, maziwa kidogo, na soko la mbali ng'ambo ya maji. Malipo ya samadi yalikuja mara moja kwa mwaka, wakati wa mavuno. Mwenye ng'ombe wa maziwa na mnunuzi wa uhakika analipwa kila wiki kwa kazi ile ile ya kukata majani na kufagia banda, na samadi inakuja kwa gharama hiyo hiyo. Rwanda ililiona hilo ilipoanzisha Girinka mwaka 2006, ng'ombe kwa familia maskini, ndama jike wa kwanza anakwenda kwa jirani. Kwetu tumekuwa na kopa ng'ombe, lipa ng'ombe, kwa utaratibu unaofanana na huo. Mipango hii ina kasoro zake za usimamizi, lakini imeelewa kwamba rutuba lazima ije na kitu cha mezani.

Soko nalo likivunjika, udongo unalipia. Babati, mkoani Manyara, wakulima wamezoea kuchanganya mahindi na mbaazi. Ni mchanganyiko mzuri sana: mzizi wa mbaazi huenda chini, majani yake hupukutika na kurutubisha, na miti yake inakuwa kuni, hivyo bua la mahindi linaepuka jiko. Agosti 2017 India, mnunuzi mkuu, iliweka ukomo wa mbaazi inayoingia nchini mwake. Bei ikaporomoka. Mkulima aliyeambiwa kwa miaka kwamba mbaazi ni rafiki wa udongo alibaki na magunia stoo. Unamwambiaje apande tena kwa ajili ya naitrojeni?

Nimalizie na ofisi zetu. Kijijini mkulima ni mmoja, lakini akiwa na shida ya mahindi anamtafuta bwana shamba, na akiwa na shida ya ng'ombe anamtafuta bwana mifugo. Kila mmoja ana wizara yake, pikipiki yake na taarifa yake ya robo mwaka. Samadi iko katikati yao, na malisho yaliyopandwa mpakani mwa mahindi hayajulikani ni ya nani. Ningependa kuona ruzuku ya mbolea inayomruhusu mkulima, akitaka, achukue sehemu ya haki yake kwa mbegu ya desmodiamu, kwa turubai la kufunikia lundo, au kwa toroli. Ningependa wakala wa mbegu wa serikali na vikundi vya wakulima wazalishe mbegu hiyo hapa hapa.

Na wewe msikilizaji usiyeweza kusubiri ruzuku, desmodiamu haipandwi kwa mbegu peke yake. Mwenye nayo akikupa kamba zake, zikate vipande vyenye vifundo viwili au vitatu, uvifukie kwenye unyevu mvua zikishakolea, angalau kifundo kimoja kikiwa chini ya udongo na kimoja juu, katikati ya mistari ya mahindi. Palilia mara mbili msimu huo wa kwanza, usikate mpaka izibe ardhi, na mwambie kibarua wako ni mmea gani kabla hajashika jembe.